Shamba Lililovaa Majoho ya Kwaya

Wapendwa, leo nawaletea baba mmoja na shamba lake. Nitampa jina, Yonazi, ili tusipotezane njiani. Kama yumo Yonazi humu ndani, akae kwa amani, si yeye. Na wewe usiyeitwa Yonazi, usikae kwa amani sana, maana bado hatujafika mwisho.

Baba huyu aliishi katika kijiji kilichokaa mgongoni mwa mlima, na chini ya mlima kulikuwa na bwawa kubwa. Mvua yote iliyoanguka kwenye milima ile ilishuka kwenye bwawa, na kutoka bwawani watu wa mjini walipata maji ya kunywa na umeme wa kuwasha taa zao. Lakini kwa miaka mingi maji yalikuwa hayashuki peke yake. Yalishuka na udongo. Bwawa likaanza kujaa tope. Huko juu nako mahindi yakawa mafupi, yanazaa vigunzi vilivyo kama vidole vya mtoto. Udongo ni ule ule, na hasara ni mbili: juu haupo unapotakiwa, chini upo usipotakiwa.

Ndipo akaja mtaalamu, binti mpole mwenye kompyuta begani na kidege kidogo kisicho na rubani ndani ya sanduku. Alikuwa na tabia ya kuvua viatu kila alipopita kwenye shamba lenye miche, asije akaikanyaga, na akina mama wakampenda kwa hilo kabla hawajaelewa alichokuja kufanya. Kazi yake ilikuwa kutengeneza ramani ya milima yote inayolimwagia bwawa maji. Picha alizipata kutoka angani, kompyuta ikapima mteremko, ikaangalia wapi udongo umefunikwa na wapi uko uchi, halafu ikapaka rangi. Nyekundu, mahali udongo unapokimbia. Njano, mahali unapotembea. Kijani, mahali umetulia.

Mpango ulikuwa rahisi. Kijiji kizima kitoke kwenye msaragambo, ile kazi ya pamoja ambayo kila nyumba hutoa mtu na jembe, wachimbe makinga maji na kupanda majani ya kushika udongo. Lakini mvua za vuli zilikuwa karibu. Muda ungetosha mashamba mekundu tu. Shamba la kijani lingesubiri mwaka mwingine.

Mmenielewa hapo? Nyekundu maana yake unasaidiwa kwanza. Kijani maana yake subiri. Shikeni hilo, maana watu wa kijiji kile waliambiwa wazi kama nilivyowaambia ninyi, wakaitikia kwa vichwa kama mnavyoitikia, na bado.

Yonazi alikuwa mwenyekiti wa kamati ya kutunza udongo. Na tusimwonee, alikuwa mtu mwema. Mgonjwa akibebwa kwenye machela kupelekwa barabarani, yeye alikuwa mstari wa mbele. Nakunda, mama kijana aliyeishi chini kidogo ya shamba lake, alipojifungua, ndizi za mtori, ile supu ya ndizi anayopikiwa mzazi, zilitoka kwa Yonazi hadi mtoto alipoanza kukaa. Udhaifu wake ulikuwa mmoja, alipenda kufundisha. Hakupita kwenye shamba la mtu bila kusimama, kutikisa kichwa na kueleza kilichokosewa. Watu walikuwa wakimwona anakuja kwa mbali, wanainama na kujifanya wanang'oa magugu.

Siku ramani ya kwanza ilipobandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kijiji, Yonazi ndiye aliyeshika gundi. Akaibandika vizuri, akainyoosha kwa kiganja, akarudi nyuma hatua chache aisome. Akatafuta kanisa, akaliona. Akatafuta kijito, akakiona. Akafuata kijito kwa kidole kupanda juu, hadi kwenye shamba lake.

Lilikuwa jekundu kama nyanya ya kuuzwa.

Akaweka kiganja juu yake, kama mtu anayeegemea ukuta kupumzika. Akaegemea muda mrefu. Watu wakaja, wakasoma mashamba yao, wakaondoka, wengine wakarudi, na mwenyekiti yuko pale pale, mkono ukutani. Mwishowe mwalimu wa kwaya, ambaye mdomo wake haukuwa na kufuli, akamwambia, "Mwenyekiti, toa mkono tuone na kwako."

Akautoa. Hakuna aliyesema kitu. Wapendwa, kuna kimya kinachouma kuliko matusi. Watu walitazama ramani, wakatazama viatu vyao. Kisha mwalimu wa kwaya akakohoa kidogo, akasema, "Hongera, mwenyekiti. Umeiva."

Kesho yake asubuhi Yonazi alikuwa mlangoni kwa binti mtaalamu kabla hata hajanywa chai. Alimweleza mengi. Kwamba picha huenda zilipigwa siku ya mawingu. Kwamba shamba lile alirithi kwa baba yake na baba yake alikuwa mtu wa heshima. Kwamba mtu anayefundisha wengine hawezi kuwa mwekundu, itakuwaje. Binti akamsikiliza hadi mwisho, akammiminia chai, akamsogezea kiti.

"Baba," akasema, "ramani haijasema wewe ni mvivu. Imesema udongo wako unaondoka."

"Imesema mbele ya watu, mwanangu."

"Na ni hao hao watu watakaokuja na majembe."

Hilo Yonazi hakulisikia. Alikuwa tayari anauliza ni nini hasa kinachofanya shamba liwe jekundu. Binti, ambaye hakumdhania mtu ubaya, akamweleza: mteremko mkali, na ardhi iliyo wazi. Ramani ile ilikuwa ya kwanza tu, akasema. Kidege kitapita juu ya mashamba kupiga picha za karibu zaidi, kisha ramani ya pili itasomwa mbele ya mkutano wa kijiji, shamba kwa shamba, na majirani watathibitisha. Ikishapita hapo, ndiyo ya kazi.

Yonazi akashuka kilima akihesabu mambo kichwani. Mteremko hakuweza kuubadilisha, Mungu ndiye aliyeuweka. Lakini ardhi iliyo wazi ni kama upara. Na upara, akajiambia, si hata mchungaji anauvalia kofia?

Mnacheka. Subirini.

Siku ya kidege ilipofika, Yonazi aliamka na panga. Akakata matawi ya miti, akayachomeka shambani kama mtu anayepanda. Akakata majani ya migomba, akayatandaza. Akaleta matete kutoka kijitoni. Mke wake, Mama Elieskia, alisimama mlangoni na kikombe cha uji akimtazama mumewe anavyopanda na kushuka, jasho linamtoka, akamuuliza kwa upole, "Baba Elieskia, tunaoza nani?"

Akamwambia hii ni njia mpya ya kufunika udongo. Mama Elieskia akatazama matawi yaliyoanza kunyauka, akamtazama mumewe aliyeanza kuzeeka, akamkabidhi uji. Alimpenda, na siku hiyo upendo wake ukanyamaza. Nalo hilo lishikeni.

Lakini shamba ni kubwa, na matawi yana mwisho. Palibaki sehemu tupu katikati, nyekundu kabisa, inamtazama. Yonazi akazunguka nyumba akitafuta chochote cha kijani. Akachukua turubai. Akachukua kitenge cha mkewe. Kisha akaona beseni. Zamu ya kufua majoho ya kwaya ilikuwa ya nyumba yake wiki ile, na majoho ya kwaya ya kanisa lile, wapendwa, yalikuwa ya kijani.

Akayaanika shambani. Sauti ya kwanza upande wa juu, sauti ya pili chini yao, sauti ya tatu na ya nne pembeni, mikono imenyooshwa, kana kwamba kwaya yote imeanguka kwa pamoja katikati ya wimbo. Akasimama akapima kwa jicho. Kimebaki kipande kimoja tu, urefu wa mtu.

Na hapo akakisikia kidege kinavuma kutoka ng'ambo kama nyuki aliyekasirika.

Yonazi alikuwa amevaa koti lake la mvua. La kijani. Mnaona linapokwenda. Baba wa watu, mzee wa kanisa, mwenyekiti wa kamati, akatazama kulia, akatazama kushoto, akajilaza kifudifudi kwenye kile kipande, mikono ameinyoosha, pua kwenye mavumbi. Kidege kikaja juu yake. Kikasimama. Ndivyo kinavyofanya, husimama kidogo kikipiga picha. Kwa Yonazi ilikuwa kama kimesimama mwaka. Mbuzi wake akaja akaanza kula tawi lililo karibu na sikio lake, na hakuthubutu kumfukuza. Akasali sala fupi ambayo sidhani ilikuwa imewahi kusaliwa na mtu yeyote, kwamba Bwana amfanye nyasi.

Sasa niwaambie jambo ambalo Yonazi hakulifikiria. Milima ile inatazamana. Aliye upande huu anamwona aliye upande wa pili akipepeta mahindi, anajua hata kama amebadilisha ungo. Asubuhi ile wanakijiji wote wanaokaa ng'ambo walikuwa nje. Walimwona anachomeka. Walimwona anatandaza. Walipoona majoho, wengine walikaa chini. Alipojilaza, mwalimu wa kwaya alilazimika kushikilia mti.

Jioni Yonazi alipotoka kwenda dukani, watu walimsalimia kwa heshima kuliko kawaida. Mmoja akamwambia shamba limechangamka. Mwingine akamuuliza anatumia mbolea gani. Akajibu kwa uzito, akafundisha kidogo, akaenda zake amefurahi.

Mkutano ukafika. Ramani ya pili ilikuwa imebandikwa, na kando yake picha kubwa zilizopigwa na kidege. Binti mtaalamu akaeleza utaratibu wake. Alisema kompyuta inaona kutoka juu tu, inaona rangi, haijui maisha ya watu. Wao wanaona kutoka chini. "Nikisoma shamba, ninyi semeni kama ni kweli. Mkisema ni kweli, nami nakubali," akasema. Alikuwa amepita vijiji vingi kabla ya kile, macho yake mekundu kwa uchovu, na aliwaamini.

Akasoma. Shamba la fulani, jekundu. Ni kweli? Ni kweli. La fulani, njano. Ni kweli? Hapana, hapo nimeshapanda majani, tukaangalie. Wakaenda kuangalia, akarekebisha. Ilikuwa kazi nzuri, watu wakaanza kujivunia kuulizwa.

Akafika kwa mwenyekiti. "Hapa ramani ya kwanza ilikuwa nyekundu, sasa imekuwa kijani," akasema, akakunja uso, akaisogelea picha. "Na hapa katikati naona kitu kirefu. Hiki ni nini?"

Yonazi alikuwa amekaa mbele, kwenye kiti cha mwenyekiti. Alihisi masikio yanawaka. Kwenye picha ile, kwa mtu aliyejua pa kutazama, mabuti yake yalionekana vizuri kabisa.

Mwalimu wa kwaya akajibu kutoka nyuma, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la kwanza kanisani, "Ni gogo, mtaalamu."

"Gogo?"

"Lipo hapo miaka mingi," akasema mwingine. "Ni gogo la ukoo."

Mabega ya watu yalikuwa yanatikisika. Nakunda, yule mama kijana wa bondeni, mtoto mgongoni, alifungua mdomo kusema kitu. Nyumba yake ilikuwa chini ya shamba lile, na kila mvua alikuwa akifagia udongo wa Yonazi mlangoni pake. Mama mkwe wake akamfinya paja, kidogo tu, kumkumbusha ndizi za nani zilimlea wakati wa uzazi. Nakunda akafunga mdomo.

"Basi niulize," akasema binti. "Shamba hili limefunikwa hivi siku zote, udongo wake umetulia. Ni kweli?"

"Ni kweli," wakajibu.

Wote, wapendwa. Aliyemheshimu alisema ni kweli, kwa heshima. Aliyemwogopa alisema ni kweli, kwa woga. Aliyetaka kwenda kumcheka vizuri njiani alisema ni kweli ili kicheko kisiharibike. Na yupo aliyewaza kwamba shamba lile ni kali kuchimba, likitoka kwenye orodha mgongo wake utapona, naye akasema ni kweli kwa sauti kubwa kuliko wote. Nakunda alisema kwa sauti ndogo, lakini alisema.

Yonazi alirudi nyumbani siku hiyo akiwa kijani.

Jumamosi iliyofuata msaragambo ukaanza. Majembe yakapita njiani kwa nyimbo, yakapita mbele ya nyumba yake, hayakusimama. Yakaingia kwa jirani wa kushoto, aliyekuwa mwekundu. Wakachimba makinga maji marefu yanayofuata mkunjo wa mlima, wakapanda majani juu yake, wakala kande pamoja, wakacheka. Jumamosi nyingine wakaingia kwa jirani wa kulia. Yonazi alikuwa akisimamia, anaonyesha hapa na pale. Lakini kila alipoinua macho aliona shamba lake katikati ya mawili yale, kama jino bovu kati ya mazima. Matawi yalikuwa yameshakauka. Mbuzi alimaliza yaliyobaki. Majoho yalirudi kanisani, na sauti ya tatu wakalalamika kwamba yananuka udongo.

Alitaka kusema. Msifikiri hakutaka. Siku moja alimfuata mwalimu wa kwaya hadi pembeni, akamwambia kwamba anafikiri, labda, kama muda utapatikana, wangepita na kwake kidogo, si kwamba kuna shida. Mwalimu akamwambia, "Mwenyekiti, kwako ni kijani. Tukianza kwako, wenye shida watatuelewaje?" Na Yonazi akasema kweli, kweli, watatuelewaje.

Kisha mvua ikaja.

Ilianza mchana, ikapiga kama mtu anayemwaga ndoo. Kwa jirani wa kushoto maji yalishuka, yakakuta kinga, yakatulia, yakazama ardhini taratibu. Kwa jirani wa kulia vilevile. Kwa Yonazi maji yalishuka kama watoto wanaotoka shule. Alisimama kibarazani na mkewe, akaona shamba la baba yake linapasuka katikati, mfereji mmoja, kisha mwingine, udongo ule mweusi wa juu aliokuwa akiusifia unaondoka rangi ya chokoleti, unashuka kwa Nakunda, unavuka kwa Nakunda, unaelekea bwawani kuongeza tope. Mama Elieskia akamshika mkono.

Mvua ilipokatika, Yonazi alikaa kwenye jiwe la mlangoni. Alijua kinachofuata. Nakunda angepanda. Angekuja na mume, na mama mkwe, pengine na mtendaji wa kijiji. Maharage yake yalikuwa yamefunikwa, tope lilikuwa limefika kizingiti cha jiko lake. Akaanza kuandaa maneno. Angesema mvua hii haijawahi kuonekana. Angesema ramani ilisema kijani, na kijiji kizima ni mashahidi.

Akamwona kweli anapanda. Peke yake, mtoto mgongoni, kitu kichwani. Alikuja polepole, anateleza, anajishikilia kwenye nyasi. Alipokaribia, Yonazi akaona ni karai, na ndani ya karai kuna udongo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Yale maneno aliyoyaandaa hakuyaona tena yalipokwenda.

"Nimekurudishia udongo wako," Nakunda akasema, bado karai liko kichwani. "Ni kidogo, nitarudi na mwingine. Na nimekuja kuomba msamaha."

Yonazi alidhani hakusikia. Huyu ndiye aliyeletewa tope hadi jikoni, na huyu ndiye anayeomba msamaha?

"Msamaha wa nini?"

"Nilisema ni kweli, na haikuwa kweli. Wewe ulinilea kwa mtori wako kama binti yako. Binti asingesema vile."

Yonazi akainuka, akamtua karai kichwani. Lilikuwa zito. Akalishika tu kifuani, hakujua aliweke wapi, maana mahali ulipotoka udongo ule hapakuwepo tena.

"Kwa hiyo mliniona," akasema.

"Tulikuona, baba."

"Na majoho?"

"Hata lile la sauti ya tatu lenye kiraka tulilitambua."

"Na... lile gogo?"

Nakunda akajitahidi. Mungu anajua alijitahidi. Lakini kicheko kikamponyoka, mtoto mgongoni akaamka, na Yonazi mwenyewe, amekumbatia karai, tope hadi magotini, akaanza kucheka, akacheka hadi machozi yakatoka, na yalipoanza kutoka hayakuwa tena ya kicheko.

"Mwanangu," akauliza, "mbona hamkuniambia?"

Nakunda hakuwa na jibu.

Nanyi, mnalo?

Mtataka kujua kama shamba lilipona. Jumamosi baada ya mvua ile majembe yalisimama mbele ya nyumba ya Yonazi, maana yeye mwenyewe alikwenda mbele ya mkutano na kalamu nyekundu, akalipaka shamba lake mbele ya watu wote, akaikandamiza kalamu hadi karatasi ikatoboka. Upande wa juu uliokolewa. Upande wa chini ulikuwa umeshakwenda bwawani, na bwawa halirudishi kitu. Nusu shamba. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuwapambia.

Sasa nisikilizeni. Tangu nimeanza mmemcheka Yonazi, nami nimewaacha mcheke, maana anachekesha. Mlidhani mfano huu ni wa watu wanaojificha. Si wa hao tu. Yonazi alijilaza kifudifudi mara moja, kwa muda mfupi, na mbuzi akila karibu na sikio lake. Ni nani aliyemlaza pale msimu mzima? Ni sisi tuliosema ni gogo.

Kuna dada hapa amekuja kanisani na kilemba kimeshuka chini zaidi ya kawaida, karibu na jicho. Tumemwambia kimempendeza. Kuna kaka ananuka pombe saa mbili asubuhi, na tumempa Biblia asome somo, kwa sababu anasoma vizuri. Kuna mama ana mtoto mchanga na macho yake hayapo, yuko hapa lakini hayupo, tukamshika mkono pale mlangoni tukamuuliza habari za nyumbani, akasema nzuri. Tukasema ni kweli. Tukaenda zetu tukijiona wapole.

Upole gani huu unaoacha shamba la mwenzako liende na maji? Heshima gani hii? Tunaona yote, milima yetu inatazamana, hakuna kisichojulikana, tunajua hadi joho lenye kiraka ni la nani. Tunajua ya kutosha kumcheka mtu njiani, ila hatujui ya kutosha kumpelekea jembe?

Na Mungu ametuweka tuwe majirani makusudi. Yeye haoni rangi tu kutoka juu, anaona mpaka chini ya matawi. Lakini kuna kazi amewaachia wanaoona kutoka chini, na kazi hiyo ni kuthibitisha kwa upendo. Nakunda hakupanda mlima kusema nilikuambia. Alipanda na karai. Alianza na kosa lake mwenyewe, ndipo mzee akaweza kulitamka lake. Jaribuni njia hiyo, ninyi wenye ukweli mkali mdomoni. Ukweli wako umebeba nini kichwani?

Na wewe uliyejilaza asubuhi hii, umenyoosha mikono, umezuia pumzi, unaomba kidege kipite upesi, inuka, ndugu yangu. Jikung'ute. Hatujakuchukia. Hakuna aliyewahi kupewa majembe ya wenzake kwa kuwa kijani.

Sisi wengine tukitoka hapa tutasalimiana pale nje, kama kawaida yetu. Utamuuliza mtu habari, naye atakujibu nzuri, upesi, kabla hujamaliza kuuliza. Usiondoke. Mshike mkono, simama hapo, mtazame usoni. Uliza mara ya pili.